Mzee Fortunato Gune na Kisu Kilichofungiwa Kabatini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2017, Mzee Fortunato Gune anakabidhi funguo za stoo baada ya kulitumikia Shirika letu la Mbegu na Zana kwa miaka ishirini na mitatu kamili. Katika miaka hiyo hakuna gunia lililopotea mikononi mwake, na hakuna mgeni aliyeondoka stoo bila kupewa kiti. Mimi, msaidizi wake kwa miaka minane, nimepewa kurasa mbili katika programu hii ya kumuaga, pamoja na maagizo mawili: niandike kwa furaha, na nisiguse suala la kisu. Agizo la kwanza nitajitahidi kulifuata. La pili limenishinda.

Mzee Gune ni mwana wa Kajo-Keji, Sudan Kusini. Vita vilimtoa kwao mwaka 1994, akavuka mpaka hadi Adjumani, Uganda, na mke, watoto watatu, sufuria moja, na kisu mfukoni. Tarehe mosi Julai mwaka huo Shirika letu, ambalo siku hizo lilikuwa hema moja na lori bovu, lilikuwa likigawa mbegu za mtama kambini. Vijana waliokodiwa walikuwa wakipasua magunia kwa panga. Nusu ya mbegu zilikuwa zinamwagika mavumbini, na akina mama walikuwa wakizichambua punje kwa punje kutoka kwenye kokoto. Mtu mmoja mwembamba akatoka kwenye foleni bila kuitwa, akachutama kando ya gunia, akatoa kisu kidogo, akakata fundo moja tu pembeni mwa mshono. Kisha akavuta uzi. Mshono wote ukafumuka kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mvuto mmoja, gunia likafunguka zima, na hakuna punje iliyoanguka. Aliajiriwa kabla jua halijafika utosini.

Tangu siku ile hajapasua gunia hata moja. Uzi aliuviringa kwenye kijiti, na gunia zima akampa mama aliyehitaji la kubebea au la kulalia. Wageni wa ofisini walidhani ni ubahili. Waliokaa kambini walijua gunia zima lina thamani gani wakati wa mvua.

Kisu chenyewe lazima nikieleze, kwa sababu wengi wanaokizungumzia siku hizi hawajawahi kukiona. Kilifuliwa na baba yake mdogo, aliyekuwa mhunzi, kutoka kwenye chuma cha jembe lililolika. Bapa lake halizidi kidole cha shahada. Hakikunjwi wala hakina kitufe, ni chuma kimoja kilichoingizwa ndani ya mpini wa pembe ya ng'ombe. Ala yake ni ya ngozi ya mbuzi, imefungwa kwa kamba kwenye tanzi la mkanda, ili kisu kikitoka mfukoni ala ibaki. Wanaume wa kwao wa rika lake walikuwa na vya namna hiyo, kama vile sisi tunavyotembea na kalamu. Kila Jumatatu kabla ya chai Mzee alikinoa kwenye ngazi ya saruji ya stoo, mpaka ngazi hiyo ikaingia bonde. Mkurugenzi wetu wa tatu alijikwaa hapo mara mbili, na mara zote mbili Mzee alimwomba radhi kwa niaba ya ngazi.

Alikitumia kukata kamba, kuchonga penseli, kutoa mwiba mguuni, kumenya muhogo, na kufungua kila boksi lililowahi kuingia kwenye kompaundi hii. Chungwa alilimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, akalitundika kwenye msumari wa mlango. Siku ganda lilipokatika tulijua Mzee ana jambo moyoni, tukapunguza maswali.

Mwaka 2006 alirudi na lori la kwanza la Shirika kupitia mpaka wa Nimule, akiwa amekaa juu ya mizigo, na ndiye aliyechagua upande wa kiwanja chetu hapa Thongpiny, Juba, ambapo maji hayatuami. Mimi nilimkuta mwaka 2009, na siku yangu ya kwanza nilimkera. Nilitaka kufungua boksi la risiti, nikanyoosha mkono kumwomba kisu. Akakitoa. Akakiweka mezani, mpini ukinielekea, akarudi kwenye daftari lake. Nikabaki nimenyoosha mkono kama mtu anayesubiri mvua. Baada ya muda akaniangalia juu ya miwani. "Binti yangu, okota," akasema. "Kisu hapana toka mkono kwenda mkono. Italeta damu katikati ya wewe na mimi." Kwao ndivyo inavyofanywa. Kisu unakiweka chini au mezani, unaondoa mkono, na mwenzako anakiokota mwenyewe. Ni heshima kubwa kuliko salamu. Unamwambia mtu kwamba kati yenu hakuna chuma.

Kila mfanyakazi aliyepita stoo alijifunza hilo katika juma lake la kwanza. Ninaomba msomaji alishike, kwa sababu wapo waliokataa kujifunza.

Mwaka 2011 tulifungua stoo mpya ya mabati. Mgeni rasmi alifika, kwaya ikaimba, utepe ukafungwa, na mkasi ukasahaulika. Wakubwa walianza kutazamana. Mzee Gune akatoa kisu chake, akakiweka juu ya kigoda mbele ya mgeni rasmi, akarudi nyuma hatua mbili. Utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi. Picha ya kisu hicho iko katika ripoti yetu ya mwaka ule, ukurasa wa tisa, na chini yake ofisi iliandika kwa fahari maneno "zana ya jadi". Ripoti ninayo. Yeyote anayeisahau nitamwazima.

Kisha ukaja Desemba 2013. Milio ya risasi ilianza usiku upande wa kambi ya jeshi ya Bilpam na kulipokucha kompaundi yetu ilikuwa imejaa watu. Hatukuwahesabu siku ile, lakini tulipogawa sabuni siku ya tatu walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na sabuni ilikuwa miche arobaini. Mzee alikaa sakafuni, akaipima kwa uzi wa gunia, akaikata kwa kisu kile kile kuanzia asubuhi hadi alasiri. Vipande mia tatu na kumi na viwili vikatoka, na hakuna mama aliyegeuza cha mwenzake kuona kama ni kikubwa kuliko chake. Wanaume wenye bunduki walifika getini mara tatu majuma yale. Mzee aliwapokea mara zote tatu, mikono ikionekana, kisu mfukoni, na mara zote tatu walirudi walikotoka. Hakukigusa. Mtu aliyekuwa na sababu zote za kuchomoa kisu alikitumia kukatia sabuni.

Julai 2016 dereva wetu Lomoro alikuwa akiingiza gari risasi zilipoanza upande wa uwanja wa ndege. Gari likagonga nguzo ya geti, mkanda wa kiti ukakwama, na Lomoro akabaki amefungwa kwenye kiti huku kioo cha nyuma kikivunjika. Sisi wengine tulikuwa tumelala chini, na sioni aibu kusema mimi nilikuwa chini ya meza. Mzee Gune, mwenye miaka sitini na mbili, alitembea mpaka kwenye gari, akaukata mkanda kwa mkato mmoja, akamtoa Lomoro kwa kola ya shati. Lomoro mwenyewe huwa anasimulia akiwa amesimama, hawezi kusimulia amekaa. "Mimi iko hai leo sababu ya ile sakin," husema, akikitaja kisu kwa Kiarabu chetu cha Juba. "Watoto yangu wanne wanakula sababu ya ile sakin."

Baada ya Julai zilikuja kanuni mpya za usalama, kurasa hamsini na moja. Nazikubali nyingi. Vita vilikuwa vimetufikia sebuleni na mtu mwenye akili angefunga milango. Lakini kanuni ya kumi na nne inapiga marufuku kwa mfanyakazi "kitu chochote chenye ncha au makali". Wakati kanuni hiyo inabandikwa ukutani, stoo yetu ilikuwa na mapanga elfu moja na mia nne, miundu mia tisa na mashoka mia mbili na sitini, yote ya kugawiwa wakulima, na funguo za stoo hiyo zilikuwa kiunoni mwa Mzee Gune. Kwa hiyo Shirika lilimwamini kwa mapanga elfu moja na mia nne, likamwogopa kwa kisu kisichozidi kidole. Nimelitafakari jambo hili tangu Februari. Bado sijapata mtu wa kunieleza bila kukohoa kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa ya Februari. Ofisa mpya wa usalama, Bwana Ezbon, alikuwa na majuma matatu tangu afike kutoka Kenya. Alisimama getini asubuhi na kile kijiti kinacholia kikiona chuma, na kwa Mzee kikalia. Mbele yangu, mbele ya Lomoro, mbele ya walinzi wawili na wauza chai wa ng'ambo ya barabara, Bwana Ezbon akanyoosha mkono. "Mzee, leta hiyo kitu hapa. Nipatie."

Mzee Gune hakubisha. Akafungua kamba ya ala kwenye mkanda. Akachutama, akakiweka kisu chini ndani ya ala yake, mpini ukimwelekea Bwana Ezbon, akasimama na kurudi nyuma hatua mbili. Yaani alimfanyia ofisa mgeni heshima ile ile aliyomfanyia mgeni rasmi. Bwana Ezbon akautazama mkono wake mtupu, akaona amedharauliwa. "Unanitupia silaha? Mimi?" Mzee akajibu kwa sauti yake ya kila siku, "Mimi hapana tupa. Mimi naweka. Wewe okota." Neno "okota" ndilo lililochoma. Bwana Ezbon aliokota, na kufikia mchana ripoti ilikuwa imechapwa: Fortunato Gune "alitupa silaha miguuni mwa ofisa kwa namna ya vitisho".

Bwana Ezbon hakujua. Mtu wa majuma matatu hawezi kujua, na Julai ilikuwa imewatia hofu hata wasiokuwapo. Simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa kutouliza, maana alikuwa amezungukwa na watu watano waliojua. Na nina wa kumlaumu kuliko yeye. Ripoti ilihitaji shahidi, na shahidi nilikuwa mimi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule. Nilisoma neno "alitupa", nikalisoma tena, nikatia sahihi. Nilijiambia ni neno moja tu.

Neno moja hilo lilimletea Mzee barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na miwili na ushei. Liliondoa jina lake kwenye orodha ya vyeti vya utumishi mwema, ndiyo maana Ijumaa hatapewa cheti na badala yake atapewa saa ya ukutani. Kisu kilitiwa katika bahasha iliyoandikwa "silaha" na kufungiwa kwenye kabati la Mkurugenzi. Na kanuni inasema vitu vilivyochukuliwa vitaharibiwa siku mwenye navyo anapoacha kazi. Mzee anaacha kazi Ijumaa. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda husubiri umalize kumshusha mzigo.

Stoo imekuwa kama nyumba iliyofiwa tangu Februari. Tulinunuliwa vikatio vya plastiki vyenye wembe unaovunjika, vitatu, vya kufungiwa kwenye droo na kutolewa kwa sahihi. Sasa magunia yanapasuliwa katikati, mbegu zinafagiliwa, na vidole viwili vimeshonwa, kimojawapo changu. Mzee aliendelea kuja saa moja kasorobo, na Jumatatu kabla ya chai alikaa kwenye ngazi yake bila kunoa kitu.

Wala hakuomba arudishiwe. Mwezi huu Mkurugenzi, nadhani kwa kuona haya, alimpa Lomoro ile bahasha aipeleke nyumbani kwa Mzee, mtaa wa Malakia, kimyakimya, yaishe. Lomoro aliirudisha ikiwa haijafunguliwa. Mzee alikuwa amemkaribisha chai, akaitazama bahasha, akasema: "Lomoro, mwanangu, malesh, samahani. Yeye aliokota mbele ya watu. Yeye ataweka mbele ya watu. Kama hapana, kalas, basi, ikae." Wapo ofisini walioliita jibu hilo ukaidi. Mimi naliita hesabu sahihi. Heshima haichukuliwi getini saa mbili asubuhi ikarudishwa kwa mlango wa uani.

Na muda hatuna. Wenye jamaa Kajo-Keji wanajua jinsi vita vilivyokuacha kutupu tangu mwanzo wa mwaka huu. Mke wa Mzee na wajukuu wameshavuka, wako Adjumani, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka mahali lile hema letu liliposimama mwaka 1994. Jumamosi alfajiri naye anapanda basi la Nimule. Baada ya miaka ishirini na mitatu tunamrudisha ukimbizini kama tulivyomkuta, isipokuwa kwamba safari ile alikuwa na kisu chake.

Hili sikubaliani nalo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayechapa programu hii, nimefanya jambo. Ukurasa wa mbele, kati ya sala ya kufungua na kukata keki, kuna kipengele ambacho Mkurugenzi hajakiona. Kinasema: "Bwana Ezbon kumwekea Mzee Gune kisu chake mezani." Nakala themanini zimeshatoka, jenereta limeshazimwa, na hakuna za kuchapa nyingine.

Bwana Ezbon, umesoma kwa mara ya kwanza pamoja na wote, na najua uso wako uko moto. Hii si adhabu. Umekaa nasi miezi mitano sasa, umekula asida, ugali wetu, umezika mlinzi wetu pamoja nasi, na tumekuona ukilia kaburini. Bahasha iko kwa Mkurugenzi, kiti cha tatu kutoka kwako. Kutoka hapo hadi meza ya Mzee ni hatua saba, nimezipima. Weka, ondoa mkono, rudi nyuma. Huhitaji kutoa hotuba. Mzee hatakudai neno, maana hajawahi kumdai mtu neno.

Mkurugenzi, ukiona vyema kunifukuza, nifukuze Jumatatu. Ijumaa nina mgeni wa kumsindikiza.

Mzee wetu, asante. Asante kwa magunia mazima yaliyofunika watoto wa Adjumani, kwa vipande vya sabuni vilivyolingana, kwa Lomoro, kwa viti ulivyowapa wageni. Asante kwa kunifundisha kazi bila kunipigia kelele hata siku nilipochanganya ufuta na mtama. Mungu akuvushe Nimule salama, akukutanishe na mama na wajukuu wakiwa wazima, akupe shamba lenye udongo mzuri na miaka ya kulilima. Tunakuombea uzee mwema, na nchi itakayokuita urudi.

Imebaki kazi yangu ya shahidi, ambayo mwezi Februari niliifanya vibaya. Barua ya kuiondoa sahihi yangu kwenye ripoti ile ilifika mezani kwa Mkurugenzi Jumatatu. Hapa naandika ushahidi wangu upya, kwa Kiswahili, ili kila aliyekuwapo getini auelewe: nilisimama hatua nne kutoka kwao, macho yangu ni mazima, na Mzee Fortunato Gune hakutupa. Aliweka.

Helen Tisa, shahidi.